Sinia la Ngano Kwenye Kiwanda cha Mgiriki

Vijana wa karakana, mmenipa blanketi, mkanipa saa ya ukutani, mkaniimbia, halafu yule mwenye kimbelembele kati yenu akasimama akasema, "Mzee Kirimi atuandikie kumbukumbu zake, tusije tukasahau kazi ilikotoka." Sawa. Nimestaafu, sina la kufanya asubuhi, na mke wangu amechoka kuniona nikizungukazunguka jikoni kwake. Nitaandika. Lakini msitegemee niwapake mafuta. Na mambo ya vyeo sitayagusa, hayana faida kwa mtu aliyekwisha kurudisha funguo.

Nitaanza na ile picha ya ofisini, iliyo juu ya kabati la vikombe. Mzungu mwenye kofia pana amesimama kando ya gogo la podo, ameweka mguu juu yake. Wageni wakija mnawaonyesha. "Huyu ndiye mwanzilishi, Mgiriki, mtu mwema sana, ndiye aliyewafunza Wameru kazi ya mbao." Nani aliwaambia hivyo? Tazameni upande wa kushoto, pale fremu ilipokata. Kuna mkono umeshika tupa. Mkono tu. Mwenye mkono huo aliitwa M'Thuranira, mtu wa Kianjai, na yeye ndiye aliyewafunza Wameru kazi ya mbao. Mgiriki alitufunza mambo mengine, na hayo ndiyo nitakayoandika.

Nilifika kwake wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya Mwingereza, ndevu ndiyo kwanza zinaota. Kiwanda chenyewe kilikuwa juu ya Kibirichia, ukingoni mwa msitu, mahali penye baridi ya kukata masikio. Kutoka nyumbani Kianjai nilikwenda kwa miguu, pasi ya kusafiria mfukoni, na kila kizuizi askari walinipekua. Wenye viatu walivuliwa viatu. Mimi sikuwa navyo, kwa hivyo walinivua kofia, wakaikunguta, wakanirudishia kwa masikitiko kwamba haikuwa na bunduki.

Msitu ulikuwa umefungwa. Ndani yake mlikuwa na watu wa msituni waliokula kiapo cha kumfukuza Mwingereza, na ndege za serikali zilikuja kuwaangushia mabomu. Mgiriki aliruhusiwa kukata miti ya ukingoni tu, na getini aliwekewa homgadi, mlinzi wa serikali, aitwaye Jeremia, mtu wetu kabisa, Mmeru, aliyepewa koti la serikali na tangu siku hiyo akasahau kusalimia watu.

M'Thuranira ndiye aliyenipokea. Alikuwa nyapara na mkuu wa misumeno, mtu mrefu, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya chini. "Unajua kunoa?" akaniuliza.

"Najua, Mzee. Nimenoa panga tangu utotoni."

"Sijakuuliza habari za panga."

Akanipa tupa na bamba la msumeno uliovunjika. Akasema ninoe jino moja, nikimaliza nimwite. Nikalinoa, nikamwita. Akalipitisha kidole gumba. "Umelichongoa, hujalinoa. Rudia." Nikarudia. Akaja, akatikisa kichwa, akaenda zake. Siku nzima ikapita hivyo, na jioni jino lile lilikuwa limekwisha kabisa. "Vizuri," akasema. "Sasa unajua tupa inakula. Kesho tuanze." Nililala na hasira, nikiapa kwamba alfajiri narudi Kianjai. Sikurudi. Leo nikiwaona mnanoa huku mnaongea na redio, natamani niwape bamba lile.

Kwake nilijifunza kusikiliza. Msumeno wenye afya hunguruma. Ukianza kupiga mluzi, toa mkanda upesi, maana meno yamelala na bamba linashika moto katikati. Mtarakwa hukatwa kwa meno mafupi, podo mbichi inataka meno yaliyotanuka, na hakuna kitabu kitakachokuambia yatanuke kiasi gani siku ya mvua. Lakini taabu yetu kubwa miaka ile ilikuwa mabomu. Miti iliyorushiwa mabomu ilikuja kiwandani na vipande vya chuma tumboni, na msumeno ukikutana na chuma kile, jino huruka kama risasi. Mwenzetu mmoja alipoteza jicho hivyo. Kwa hiyo kabla gogo halijapanda kwenye benchi, M'Thuranira aliligonga kwa kisogo cha shoka kutoka shinani hadi ncha, sikio likiwa karibu. Penye chuma sauti inakufa ghafla. Aligonga kila gogo yeye mwenyewe, hata akiwa na homa, na tangu aanze kufanya hivyo hakuna aliyeumia.

Sasa Mgiriki. Tulimwita Bwana Kosta. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye nyusi zilizoungana, na hakuwa kama wazungu wengine. Hao wengine wenyewe walimwonyesha hivyo: wakija kuchukua mbao hawakushuka kwenye gari. Alitoka katika kisiwa kiitwacho Kipro, nyinyi mnakiita Saiprasi, ambako watu wanasema Kigiriki na wanatawaliwa na Mwingereza yule yule aliyetutawala sisi. M'Thuranira aliposikia Kipro alifurahi sana. "Ala! Kumbe Bwana ni wa wale Wayunani wa Paulo mtume!" Kosta alitembea kifua mbele wiki nzima.

Alipenda kahawa nyeusi, laini kama vumbi, iliyochemshwa kwenye kijibirika cha shaba chenye mpini mrefu. Msumeno ukizimwa upoe, aliketi juu ya magogo na kikombe chake kidogo akatusimulia habari za kwao. Pasaka yao, ambayo haikuangukia siku moja na yetu, mkewe, Memsabu Eleni, alichemsha mayai akayapaka rangi nyekundu, na kila mmoja wetu alipewa yai agonge la mwenzake, la nani litavunjika. Watu wazima wa Kimeru siku hizo hawakula mayai, tuliona ni chakula cha watoto, lakini kuyagonga tuligonga. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Nayaandika haya ili msiseme nilimchukia tangu mwanzo. Nilimpenda yule mtu.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Mturuki.

"Nyinyi hapana jua," alisema kwa Kiswahili chake. "Sisi Wagiriki nakaa chini ya Mturuki miaka mia nne. Mia nne! Yeye nachukua shamba, nachukua mtoto, nafunga shule. Padri nafundisha watoto kwa siri. Na vijana yetu nakimbia mlimani. Nywele refu, ndevu refu, bunduki. Nashuka usiku, napiga Mturuki, narudi mlimani."

M'Thuranira alikuwa ananoa. Hakuinua macho. "Mturuki aliwaitaje, Bwana?"

"Wezi. Alisema hii ni wezi tu, na wauaji."

"Na nyinyi mliwaitaje?"

"Sisi?" Kosta akajipiga kifua. "Sisi naimba wao mpaka leo! Watoto naimba wao shuleni!"

 Tuliangalia chini sote. Nyuma ya kiwanda palikuwa na msitu, na ndani ya msitu ule palikuwa na watu wenye nywele ndefu na ndevu ndefu. Kosta mwenyewe akatambua alichosema, uso ukamwiva. Akageuka kutazama getini aliko Jeremia.

"Hapa tofauti," akasema upesi. "Hapa ni maneno ingine."

"Ndiyo, Bwana," akasema M'Thuranira. "Hapa hakuna Mturuki."

Akaendelea kunoa. Sisi wengine tulikimbilia nyuma ya boila kucheka. Lakini mjue jambo moja: M'Thuranira hakuwa amekula kiapo, na hakutaka kukila. Watu wa msituni walimtumia ujumbe akakataa, akasema yeye amekwisha kula meza ya Bwana na tumbo lake halina nafasi ya kiapo kingine. Kwa hilo alikuwa hatarini kwa wale, na kwa kuwa hakuwataja walioleta ujumbe, alikuwa hatarini kwa serikali pia. Alitembea katikati, kwa uangalifu, akigonga kila kitu kabla ya kukikata.

Halafu Kipro nako kukawaka. Vijana wa kwao walianza kumpiga Mwingereza, nao pia wakitokea milimani, na Kosta akawa anasikiliza redio mlango ukiwa umefungwa. Siku moja asubuhi tulimsikia Memsabu Eleni akipiga ukemi. Ulikuwa ukemi wa msiba, huo hauna kabila. Mtoto wa dada yake Kosta, kijana aitwaye Andrea, alikuwa amenyongwa na Waingereza kwa kukutwa na silaha. Kosta alituambia mwenyewe, mimi na M'Thuranira. Kisha akaweka kidole mdomoni. D.O., yule ofisa Mwingereza wa wilaya, asijue. Wagiriki wote wa Kipro walikuwa wanaangaliwa, na ikijulikana kwamba ana mtu aliyenyongwa, ruhusa ya msitu ingekwenda na huenda yeye mwenyewe angefukuzwa nchini. Wakati huo huo serikali ilikuwa imemwagiza mbao za minara ya walinzi, za kuzungushia vijiji tulivyosongamanishwa ndani yake. Basi mchana tulipasua mbao za kutufungia sisi, na jioni Kosta alimlilia Andrea.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Wagiriki wana desturi ya arobaini. Waislamu wa mjini Meru wanayo yao, lakini ya Wagiriki ni nyingine. Wanachemsha ngano, punje nzima nzima, wanaikausha kwa kitambaa, wanachanganya na zabibu kavu na sukari, wanaitandaza kwenye sinia na kuchora msalaba juu. Mshumaa unasimamishwa katikati, ubani unachomwa. Kisha watu wanakula, na kila anayekula anamwombea marehemu msamaha kwa maneno ya Kigiriki. Ikiliwa na wengi ndiyo bora. Ikikosa watu wa kuila, ni kama marehemu hakuwa na mtu.

Na Kosta hakuwa na watu. Padri wao alikuwa Nairobi, jamaa zake walikuwa mbali, barabara zimejaa vizuizi, na angemwalikaje mtu kwenye matanga ya siri? Akatufikiria sisi. Mchana wa siku ya arobaini alisimamisha injini, akatuingiza kwenye banda la kukaushia mbao, akafunga milango yote miwili. Memsabu akaingia na sinia, amevaa nguo nyeusi, macho mekundu.

Hakuna aliyesogea. Kwetu, vijana, chakula cha mtu aliyekufa hakiguswi. Ni mugiro, ni mkosi unaoweza kukuingilia wewe na mbuzi wako na watoto wako. Na siku zile kulikuwa na hofu nyingine juu ya hiyo. Mtu mmoja akanong'ona kwa Kimeru kwamba hii inafanana na kiapo.

M'Thuranira akauliza waziwazi. "Bwana, hiki si kiapo?"

"Hapana! Hapana, Thuranira. Hii chakula ya Andrea. Watu nakula, Mungu nasamehe yeye. Kama watu hapana kula..."  Mtu mzima, mwenye kiwanda, alisimama pale analia kama mtoto, kofia mkononi.

M'Thuranira akatugeukia. Kisha akatuambia kwa Kimeru, "Mtu amefiwa. Tukimwacha peke yake tutakuwa watu gani?" Akavua kofia, akatangulia, akachota ngano, akarudia maneno ya Kigiriki aliyoyatamka Kosta, akala. Tukamfuata mmoja mmoja. Aliyeshindwa kutamka, M'Thuranira alimtamkia. Ilikuwa tamu, ile ngano. Ninavyoandika naisikia mdomoni, na bado inanichukiza.

Mnaona kosa liliko? Milango imefungwa. Moshi. Watu kwenye mstari, wanarudia maneno yasiyojulikana nyuma ya mtu mmoja, wanakula kutoka sinia moja. Ukutani palikuwa na ufa, na kwenye ufa palikuwa na jicho la Jeremia. Alichungulia wakati watu wameshaanza kupokezana, Kosta na mkewe wamejitenga pembeni wanalia, yeye akamwona M'Thuranira tu, mbele ya sinia, akimtamkisha kila mtu. Hata mimi ningekuwa homgadi ningekimbia kuripoti. Hilo namkubalia, na ni hilo tu.

Kesho yake lori lilikuja. Tukaambiwa tuchuchumae uani, mikono kichwani, na D.O. akapita mbele yetu na fimbo yake. Alikuwa kijana tu, pua imechubuka kwa jua. Jeremia akamnyooshea kidole M'Thuranira. "Huyu ndiye aliyewalisha."

"Ni kweli?" D.O. akauliza.

"Nilikula ngano," akasema M'Thuranira. "Si kiapo. Ni maombi ya kwao Bwana Kosta. Aliyetupa ni yeye, yuko pale."

Askari wakaangua kicheko. Mzungu awalishe watu kiapo! Lakini D.O. hakucheka. Alikwenda barazani kwa Kosta, wakaongea Kiingereza kidogo, kisha wakashuka pamoja hadi mbele yetu. Nikashusha pumzi. Niliwaza moyoni, basi, yamekwisha. Neno moja tu lilitakiwa. Aseme, "Ngano ni yangu." Si lazima ataje kamba ya Andrea, angeweza kusema amefiwa na shangazi, na bibi, na nani sijui. Neno moja.

D.O. alimuuliza kwa Kiswahili, ili sote tusikie. "Kosta, hiki chakula unakijua?"

Kosta alikuwa ameshika kile kijibirika cha kahawa. Sijui kwa nini alishuka nacho. "Mimi hapana jua," akasema. "Mimi nilikuwa nyumba."

M'Thuranira akainua kichwa, na askari akampiga kitako cha bunduki, naye akainua kichwa tena. "Bwana," akasema polepole, kama anamkumbusha mtu aliyesahau, "mwambie ni chakula cha Andrea."

Kosta akajitia hamnazo. Akamtazama D.O., akapandisha mabega.

"Andrea nani?" akasema.

Ndugu zangu, nimesikia msumeno ukipasuka, nimesikia boila ikilipuka na kuua. Sijasikia sauti mbaya kama ile. Dirishani Memsabu Eleni alivuta pazia.  M'Thuranira alimwangalia Kosta kichwa kikiwa kimeinama upande mmoja, kama alivyolisikiliza gogo, halafu akainama mwenyewe wakamfunga mikono.

Wakachukua watu wa mstari wa mbele na kuwapandisha kwenye lori. Nami nilikuwa nimeshikwa kola, mguu mmoja uko juu, ndipo Kosta alipokuja mbio. "Huyu hapana! Huyu ya misumeno. Thuranira nakwenda, nani nanoa? Mbao ya serikali nachelewa." D.O. akakubali. Nikashushwa. Kwa hiyo ulimi alikuwa nao, na kwa D.O. ulisikika. Aliutumia kuokoa misumeno.

Nilishika kazi ya M'Thuranira kwa tupa zake, na minara ile ikajengwa. Ikiwa mnashangaa kwa nini sikuondoka, mjaribu kuondoka mahali wakati pasi yako ina jina la mwajiri mmoja na kila kizuizi kinaiuliza. Niligonga magogo kama alivyonifunza. Kosta hakusimulia tena habari za Mturuki. Pasaka ilipofika Memsabu alileta mayai mekundu kama kawaida, akayaweka kwenye benchi. Hakuna aliyeligonga hata moja, yakakaa pale mpaka yakaoza.

Huko kambini alikofungwa, M'Thuranira aliambiwa akiri kiapo ndipo atoke. Njia ilikuwa hiyo, au mwajiri aje aseme mbele ya D.O. kwamba mtu huyu ni safi. Habari hizi alituletea mtu wa Kanja, Mwembu aliyefungwa naye Embu kisha akaachiliwa. "Yule mzee wenu ana kichwa kigumu," alisema. "Wenzake wote wamekiri hata ambacho hawakukila, wametoka. Yeye anawaambia, nitakirije uongo, mimi ni mzee wa kanisa? Nilikula ngano ya Mgiriki, mwulizeni Mgiriki. Wanampiga, anawaambia mwulizeni Mgiriki."

Nikaenda barazani. "Bwana, M'Thuranira anangoja neno lako."

"Kesho, Kirimi. Kesho mimi naona D.O."

Kesho ikawa kesho. Nikaenda tena, akasema barabara imeharibika kwa mvua. Nikaenda tena, akasema mimi nina mke, mimi nina kiwanda, wewe hapana elewa. Mara ya mwisho hakutoka. Mke wa M'Thuranira, Mama Kanini, alikuja kwa miguu kutoka Kianjai, mtoto mgongoni, akaketi ngazini kwa Kosta tangu asubuhi. Memsabu alimletea chai na mkate. Kosta alitokea mlango wa nyuma akaenda msituni kuhesabu miti. Nilimwona akikunja kona, kofia ameishusha mpaka nyusi, nikatema mate.

M'Thuranira alikufa huko huko, kwa kuhara damu, wakasema. Mtu wa Kanja ndiye aliyetuletea na hilo. Hatukupewa maiti. Mama Kanini hakuwa na cha kuzika, na kiwandani hakuna aliyetangaza, injini ilinguruma kama siku zote. Nilimwambia Kosta kwa maneno machache. Alikaa kwenye gogo, akafunika uso. Machozi hayo nilikuwa nimeyaona hapo awali, na safari hii hayakunilainisha.

Nikahesabu arobaini. Sikumwambia mtu mpaka ilipokaribia. Ngano Kibirichia haikuwa shida. Niliichemsha punje nzima nzima kama nilivyomwona Memsabu, nikaikausha kwa shati langu la kanisani. Zabibu sikupata, nikatia sukari tu. Nikachora msalaba kwa kidole, ukapinda kidogo. Ubani sikuwa nao, mshumaa nilikuwa nao. Mchana, kila mtu akiona, nilisimamisha injini bila kumwuliza mtu, na watu wa kiwanda, wale wale wenye kuogopa mugiro, wakanifuata hadi barazani kwa Kosta. Jeremia hakuwapo getini, amekwenda kunywa pombe sijui wapi.

Nikabisha. Wakatoka wote wawili.

"Bwana," nikasema, "hii ni chakula ya Thuranira. Watu nakula, Mungu nasamehe yeye." Nilimsemea Kiswahili chake mwenyewe, na nilifanya makusudi.

Memsabu Eleni hakungoja kuambiwa. Alichukua kijiko, akala, akayasema yale maneno yao kwa sauti ya kusikika mpaka getini, na mwisho akataja jina lote, M'Thuranira, akalikosea kidogo, akalirudia mpaka likakaa sawa. Kisha akasogea kando. Watu wote wakamtazama Kosta.

 Alichota ngano, punje nyingine zikamwangukia kwenye viatu. Midomo yake ikaanza kuyatafuta maneno. Nami, Mungu anisamehe, wakati ule nilitaka kumsamehe. Nilikuwa tayari kabisa. Angekula tu pale, ningemshika mkono.

Akainua kijiko mpaka usawa wa kidevu, akakisimamisha. Akageuza shingo, akatazama barabarani, upande wa getini, halafu upande wa Kibirichia anakotokea D.O. na gari lake. Alitazama vizuri, bila haraka.

Barabara ilikuwa tupu. Ndipo akala.